Kafi na Rafadha

Nilizaliwa Ilongero, mahali ambapo mtoto huijua plau kabla ya kulijua kafi. Nchi yetu ya Singida ni nchi ya alizeti, uwele, mtama na vitunguu. Mvua zake huja kwa msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili, kisha hutuachia miezi mirefu ya ukavu na upepo. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisema kuwa anakwenda kuvua, wasiomjua hucheka kwanza, ndipo wakamwuliza anavua nini. Walakini maziwa tunayo. Singidani na Kindai yako kando ya mji wa Singida wenyewe. Kitangiri liko mbali kidogo upande wa kaskazini-magharibi, na Eyasi liko kaskazini. Kutoka Ilongero mpaka Singidani ni mwendo usiotimiza saa moja kwa gari, na mjomba wangu ameukata mwendo huo kwa baiskeli mara nyingi kuliko nywele zilizosalia kichwani mwake.

Nataka kueleza katika kurasa hizi siku moja niliyokwenda naye ziwani, na shughuli ndogo iliyotushinda asubuhi nzima: kurekebisha mota ya umeme ya kuendeshea mtumbwi. Najua kuwa jambo hili ni dogo. Lakini mimi ni mwalimu kwa kazi, na siku hiyo nilifundishwa. Na mwalimu aliyefundishwa akinyamaza, huwa kama mdeni anayepita njia ya nyuma.

Mjomba alipokuwa kijana, katika miaka ya 1980, aliacha plau ya baba yake akaenda Mwanza kutafuta kazi. Wakati huo sangara walikuwa wamejaa katika Ziwa Viktoria. Samaki hao hawakuwa wa asili ya ziwa lile. Walitiwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, nao wakawala samaki wadogo wa asili, wakakua na kuzaana hata wakaugeuza uchumi wa pwani zake zote. Sangara mmoja huweza kupita kilo 100. Mjomba aliajiriwa na wenye mitumbwi, akajifunza kupiga kafi, kutega nyavu, kutabiri upepo kwa kutazama rangi ya maji, na kuliogopa ziwa kwa kiasi kinachofaa. Aliporudi Ilongero hakuja na fedha nyingi. Alikuja na maarifa hayo, na haja ya kuelea juu ya maji ambayo haikumtoka tena. Akanunua mtumbwi wa mbao, wenye ncha pande zote mbili, akauweka Singidani kwa rafiki yake, na tangu siku hiyo akawa mkulima wa Ilongero siku tano za juma, na mvuvi siku mbili.

Singidani hakuna sangara. Ziwa hili halina mto utokao. Maji yaingiayo wakati wa mvua hubaki humo, jua likayapunguza, na chumvi na magadi yakabaki nyuma. Kina chake si kikubwa, na upana wake huongezeka na kupungua kwa kufuata mvua za miaka. Samaki wa maji ya namna hii hana budi kuwa mvumilivu. Yuko perege mmoja ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas, ambaye hapatikani popote duniani ila Tanzania, katika maziwa ya chumvi kama vile Manyara, Eyasi, Kitangiri na hili la kwetu. Si mkubwa. Kwa mtu aliyewahi kusaidia kuvuta sangara, perege huyu ni kama shilingi iliyosalia mfukoni baada ya safari ndefu. Hata hivyo mjomba humheshimu. Husema kwamba sangara ni tajiri aliyehamia, na perege wa Singidani ni mwenyeji.

Mwaka huo bega lake la kulia lilianza kukataa. Si kwamba lilivunjika. Lilikataa tu, kama punda mzee anavyokataa mlima. Aliweza kupalilia kwa taratibu, aliweza kubeba ndoo, lakini kupiga kafi dhidi ya upepo hakuweza tena. Wanawe walimshauri auze mtumbwi. Alipatikana na mnunuzi, akataja bei, akapewa siku ya kuja kuuchukua: Jumatatu. Mjomba alinipigia simu kunieleza habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba wa mbali. Hakuniomba kitu. Nami nikajibu kwa haraka, bila kufikiri, "Mjomba, usiuze. Ninakuja na dawa ya bega."

Dawa hiyo ilikuwa mota ndogo ya umeme iliyokwisha kutumika, ambayo niliinunua kwa fundi mmoja jijini Dar es Salaam. Mashine za aina hii hazikubuniwa kwa maziwa kama yetu. Mwaka 1934 mtu mmoja aitwaye O. G. Schmidt, wa mji wa Fargo katika jimbo la North Dakota, Marekani, alitengeneza mota ya umeme ya kusogeza mashua ya mvuvi polepole, bila kelele. Huko Marekani wako watu wengi wanaovua kwa burudani, na samaki wanayemtafuta zaidi ni yule mwenye kinywa kipana, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa jina la kitaalamu Micropterus salmoides, ambaye hujificha penye majani ya majini. Wazungu waliokuwa Kenya walimpenda samaki huyo kiasi cha kumleta katika Ziwa Naivasha katika miaka ya mwisho ya 1920. Anayemvizia samaki wa namna hiyo hahitaji nguvu nyingi. Anahitaji kukaribia kimya, kusimama mahali anapotaka, na kusogea hatua chache. Hiyo ndiyo kazi ya mota hii. Haikimbizi mashua, huitembeza.

Umbo lake ni jepesi kueleza. Juu kuna kichwa chenye mpini wa kushika, na mpini huo ndio usukani na ndio kiongeza mwendo. Kutoka kichwani hushuka mhimili mwembamba, na mwisho wa mhimili, ndani ya maji, iko mota yenyewe pamoja na rafadha, yaani yale mapanga mafupi yanayozunguka na kuyasukuma maji. Katikati ya mhimili kuna vikamatio viwili vyenye parafujo, ambavyo hubana ubao wa chombo, na juu ya vikamatio hivyo kuna pete. Pete ikilegezwa, mhimili hupanda au kushuka. Ikikazwa, kina cha rafadha huwa kimewekwa. Waya mbili huenda kwenye betri ya volti 12. Kwisha. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuyakariri yote haya, nami niliyakariri ndani ya basi, nikafika Ilongero usiku nikiwa nimejaa ujuzi.

Mjomba aliamka kabla yangu. "Shikamoo, mjomba," nilisema nilipomkuta uani akifunga dumu la maji nyuma ya gari tuliloazima.

"Marahaba, mwanangu. Dawa umeilaza salama?"

Nilimwonyesha. Aliigusa rafadha kwa kidole, akaizungusha, akaitazama kama anavyomtazama ndama aliyeletwa mnadani. Hakusema neno. Kisha akaenda ndani akarudi na kafi lake, akaliweka juu ya mizigo. Kafi lile lilinichoma kidogo. Niliona kana kwamba mgonjwa amekubali kwenda hospitali, lakini amefunga na hirizi.

Tulifika Singidani kukiwa na baridi ya Juni, ile baridi ambayo watu wa pwani hawaamini kwamba iko Tanzania. Majabali makubwa yaliyozunguka ziwa yalikuwa bado meusi. Heroe walikuwa wamesimama katika maji mafupi kama kitambaa cha waridi kilichoanikwa chini, na mwari wawili waliogelea mbali. Upepo ulikuwa haujaamka. Mkoa wetu unasifika kwa upepo, lakini upepo wa Singida una adabu ya mgeni mkubwa: hauji alfajiri.

Nilivaa jaketi la kuokolea, nikamvalisha mjomba lake, nikafunga mota kwenye ubao tulioupigilia karibu na ncha ya nyuma. Betri niliiweka miguuni pangu. Kisha nikatoa kitabu cha maelezo, nikasoma kwa sauti ili mjomba asikie kwamba kazi inafanywa kwa elimu. Kitabu kilisema rafadha iwe chini ya uso wa maji kiasi cha sentimita 30. Nilipima kwa rula. Nilikaza pete. Nikageuza mpini.

Tulikwenda hatua kumi. Halafu mtumbwi ukatetemeka, maji ya nyuma yakageuka rangi ya uji wa ulezi, na mota ikanyamaza. Rafadha ilikuwa inalima tope. Niliinyanyua, ilikuwa imejisokota majani na uzi wa wavu wa kale. Niliisafisha kwa kisu, mikono ikafa ganzi kwa baridi. Nikasema, "Ni mwanzo tu, mjomba."

"Naam," akajibu.

Safari hii niliipandisha sana, maana mtu aliyechomwa na uji hupuliza hata maji. Nikageuza mpini. Rafadha, ikiwa karibu mno na uso, ilinyonya hewa badala ya kushika maji. Ilipiga kelele kama kuku aliyekamatwa, ikatoa povu jingi, na mtumbwi ukabaki pale pale. Heroe waliinuka wote pamoja. Wavuvi wawili waliokuwa wakipita na kafi zao walitazama povu letu, wakanitazama mimi, wakamsalimia mjomba kwa upole mkubwa. Upole ule ndio ulionitia haya kuliko kicheko.

Nikaishusha tena, ikagusa tope. Nikaipandisha, ikatoa povu. Kila mara nilirudi kitabuni. Mjomba alikuwa amekaa mbele, kafi juu ya magoti, akinitazama bila hasira. Mwishowe akauliza, "Mwanangu, kitabu hicho kimeandikwa juu ya maji gani?"

Sikuwa na jibu. Kitabu kilikuwa kimeandikwa juu ya maji. Haikuwa imenipitia akilini kwamba maji yana kwao.

Akatumbukiza kafi wima mpaka likagusa chini, akalitoa, akaonyesha alama ya umajimaji. Kisha akapima kwa kiganja kutoka ncha ya chini. "Hapa ni tope laini, viganja viwili. Tope hili si chini ya ziwa; ni ziwa lililochoka. Usilihesabu kama maji. Juu yake, maji yako ni haya tu." Akaniuliza tena, "Plau unaiwekaje?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa na marehemu babu: ukiishusha mno, ng'ombe huchoka kabla ya jua kupanda, ukiipandisha mno, hukwaruza nyasi na kukudanganya kwamba umelima, nawe huiwekei kipimo nyumbani, bali shambani, kwa udongo ulio mbele yako.

"Basi," alisema mjomba, "hiyo ni plau."

Nililegeza pete. Yeye aliweka mkono wake wa kushoto juu ya mhimili akaushusha kidogo kidogo, huku akiniagiza niache rafadha izunguke polepole. Aliisikiliza. Ilipoacha kutoa povu alishusha tena kiasi cha unene wa kidole, akasema, "Kaza." Halafu akaniambia niiondoe betri miguuni pangu na kuiweka katikati ya mtumbwi. Mimi na betri tulikuwa tumekaa upande mmoja. Ncha ya nyuma ilikuwa imezama kwa uzito wetu, na rafadha imezama pamoja nayo. Kitabu changu kilikuwa kimepima mhimili. Hakikuwa kimenipima mimi.

Tukaondoka kimya. Sijui niseme nini kuhusu ukimya ule isipokuwa kwamba mjomba aligeuka nyuma mara mbili kuhakikisha kwamba mtumbwi unakwenda. Kwa miaka zaidi ya 40 alikuwa amezoea kwamba mwendo una sauti: kafi likiingia, maji yakidondoka, pumzi ya mtu. Sasa pwani ilikuwa inarudi nyuma, na mikono yake imekaa bure. Aliikunja, akaikunjua, akaishika kingo za mtumbwi. Nilidhani angefurahi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekaribishwa nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni. Hapo nilifahamu kwa mara ya kwanza kwamba dawa yangu inaweza kumponya bega na kumjeruhi mahali pengine.

Tulipofika alipopataka, alitia chambo cha ugali mgumu kwenye ndoana ndogo, akafunga chubwi nyepesi, akatupa mshipi. Akaanza kunielekeza. "Simama hapa. Sogea kidogo kulia. Rudi. Hapo hapo." Na mimi, kwa kugeuza mpini kwa kiasi cha punje, nilimsimamisha, nilimsogeza, nilimrudisha. Zamani ilimlazimu achague: avue au apige kafi. Sasa aliweza kuvua tu, na kuliamuru ziwa lake kwa maneno. Perege wa kwanza alipopanda akimetameta, uso wa mjomba ukafunguka. Alimtazama samaki, akautazama mpini mkononi mwangu, akasema, "Kumbe ni mkono wa kuazima." Kufika saa nne tulikuwa na perege 17 katika ndoo, nami nilikuwa nimesahau haya zangu, na pamoja nazo nilikuwa nimesahau saa.

Upepo uliamka saa tano. Kwanza ulipita juu ya maji kama mtu anayefuta vumbi mezani kwa kiganja. Kisha ukarudi na nguvu. Mahali tulipopandia mtumbwi palikuwa upande ule ule ambao upepo ulikuwa ukitoka. Mjomba alikunja mshipi papo hapo. Mimi nikafanya kama afanyavyo mtu aliyeshtuka akiwa na mashine: nikageuza mpini mpaka mwisho.

Mambo matatu yalitokea pamoja. Ncha ya mbele, ikiwa nyepesi, ilisukumwa na upepo kando, na kila nilipoirudisha ikaenda upande wa pili. Wimbi likinyanyua ncha ya nyuma, rafadha ilitoka majini ikapiga kelele hewani bila kutusogeza. Na taa ndogo inayoonyesha nguvu ya betri ilianza kushuka mbele ya macho yangu. Maji ya wimbi yalirukia ndani, perege wakaelea kwenye ndoo yao, na nikaona kwamba pwani haikuwa inakaribia hata kidogo. Hofu ilinikaba. Sisi wawili tulikuwa kwenye ubao mwembamba, mmoja bila bega, mwingine bila ujuzi.

"Punguza," alisema mjomba.

"Mjomba, betri inakwisha!"

"Ndiyo maana nasema punguza."

Baadaye, nikiwa nchi kavu, nilikumbuka kanuni niliyopata kuisoma: chombo cha majini kikitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu kinayohitaji huongezeka karibu mara nane. Anayekimbia hulipa kwa namna hiyo, na betri yangu ilikuwa inalipa. Mjomba hakuwa ameisoma kanuni hiyo. Aliijua kwa bega.

Nikapunguza. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Ng'ombe huvuta plau, haisukumi. Geuza mtumbwi."

Mtumbwi wake, kama nilivyosema, una ncha pande zote mbili. Mbele na nyuma ni majina tu. Nilizungusha kichwa cha mota kwa nusu duara, na ile ncha iliyokuwa nyuma, yenye mota na uzito wangu, ikawa mbele, ikiuelekea upepo. Mara moja mtumbwi ukatulia. Upepo uliokuwa ukiikamata ncha nyepesi na kutuyumbisha, sasa uliikamata ncha hiyo hiyo ikiwa nyuma, ukaiweka sawa kama bendera inavyojipanga nyuma ya mlingoti wake. Mjomba akanyosha kidole kwenye pete. "Sasa shusha. Hapa maji ni marefu, hakuna tope. Shusha kuliko asubuhi, ili wimbi lisiivue nguo." Nililegeza pete kwa vidole vinavyotetemeka, nikashusha mhimili karibu mpaka mwisho, nikakaza. Rafadha ikashika maji, isiachie tena.

Tulikwenda polepole. Yeye alikaa upande wa pili, kafi kwenye mkono wa kushoto, akiligusisha majini hapa na pale kunyosha mwelekeo. Hakupiga kafi, aliongea na maji kwa kafi. Nilipomtazama niliona kwamba ule uso wa mgeni wa asubuhi ulikuwa umeondoka. Alikuwa nahodha, na mota ilikuwa baharia wake, na mimi nilikuwa baharia wa mota.

Betri ilikufa tukiwa tumebakiza umbali ambao mtu huweza kumwita mwenzake akasikia. Mjomba hakushangaa. Alinipitishia kafi bila neno, nami nikalipiga mpaka pwani, vibaya, nikirusha maji kila mahali, huku yeye akicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Hapo ndipo nilipojua kwa nini lilikuwamo garini tangu alfajiri. Haikuwa hirizi. Ilikuwa hesabu.

Tulipotua, alifungua lile dumu la maji. Nilidhani ni ya kunywa. Alinywesha mota. Aliimwagia maji baridi ya kisima cha Ilongero, juu mpaka chini, akaisugua rafadha kwa kitambaa, akafuta mahali waya zinapoingia. "Chumvi hula chuma," alisema. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ilikuwamo katika kitabu changu, ukurasa wa mwisho, ambao sikuufikia.

Mnunuzi alikuja Jumatatu, akapewa chai na perege wawili wa kukaanga, akaondoka bila mtumbwi. Sitaki msomaji adhani kwamba nimekuja kuisifu mashine. Kwa mvuvi anayeishi kwa perege tu, bei ya mota na betri ni mzigo mkubwa, na samaki wa siku moja hawawezi kuulipa. Mjomba huvua kwa kitoweo na kwa roho yake. Kwake mota ni bega la kununuliwa, na bega halipimwi kwa faida. Wala sitaki kusema kwamba kitabu hakina kazi. Sentimita 30 ni kipimo cha kweli katika maji yaliyokipima. Kosa halikuwa la kitabu. Lilikuwa langu mimi, niliyekuwa na mtu aliyelijua ziwa lile kwa miaka mingi, amekaa mita mbili mbele yangu, nikaona ni rahisi kuinama kusoma mara nne kuliko kuinua kichwa na kuuliza mara moja. Elimu yangu ilikuwa imenipa jibu kabla ya kunipa swali. Nami nafundisha vijana kila siku. Ni wangapi nimewakazia pete kwa kipimo cha maji ya mbali, nikashangaa wakilima tope?

Nilirudi kazini nikamwachia mota. Desemba nilikuja tena Ilongero, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha na plau zikiwa mashambani. Nilikuta mota imetundikwa ukutani juu ya gunia safi, na kwenye mhimili wake mjomba alikuwa amefunga vipande vya mpira wa baiskeli kama alama. Nilizitambua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pwani, penye tope. Ya pili ilikuwa ya upepo, penye maji marefu. Lakini palikuwa na ya tatu, katikati ya hizo, ambayo hatukuiweka siku ile.

"Hii ni ya nini, mjomba?"

"Ya mjukuu," akajibu. "Siku hizi ndiye anayeshika mpini. Yeye ni mwepesi kuliko wewe, na ncha haizami sana akikaa. Tulihangaika asubuhi nzima kuipata."

Nilimwuliza ni nani kati yao aliyeipata.

"Yeye," alisema mjomba. "Mimi nilikaa kimya na kafi langu, mpaka akaniuliza."